Gauni la Jioni ni la Nani?

Mpanda, mavuno yakishaingia ghalani na tumbaku ikalipwa, sherehe hufuatana kama mabehewa. Hakuna Jumamosi isiyo na sendofu. Na katika kila sendofu, ndugu msomaji, kuna dakika moja ambayo ukumbi mzima hunyamaza: mwali anaingia. Gauni limeanzia chini ya mabega, limebana kiunoni, kisha limemwagika mpaka chini na mkia ambao mpambe lazima aushike usizoe vumbi. Hapo ndipo hukosi kusikia, kutoka meza ya wazee, maneno yale yale ya kila mwaka: "Haya magauni ya kizungu haya!"

Mimi si fundi cherehani. Natafuta hadithi tu. Lakini nilipoanza kuandika riwaya ya msichana wa Ukonongo wa enzi za misafara, nilikwama ukurasa wa kwanza kabisa: binti amevaa nini? Nani kaifuma nguo hiyo, na imefikaje mpaka huku porini? Nikaanza kufuatilia nguo, na nguo ikanipeleka mbali kuliko nilivyotegemea, mpaka Paris, ikanirudisha tena Mpanda. Tangu hapo, nikisikia neno "kizungu" likitajwa juu ya gauni, nauliza kwa heshima zote: mzee wangu, kizungu hicho kinaanzia wapi?

Tuanze na Paris kwenyewe. Ushonaji ule wa bei ya kutisha, gauni moja kwa mteja mmoja, kazi ya mkono wiki kwa wiki, Wafaransa wanauita haute couture. Anayetajwa kuwa baba yake wala si Mfaransa. Ni Mwingereza, Charles Frederick Worth, aliyefungua nyumba yake ya ushonaji Paris mwaka 1858. Kabla yake mama tajiri alinunua kitambaa chake, akamwita fundi, akamwambia nataka hivi na hivi, yaani kama tunavyofanya sisi hapa mpaka leo. Worth akaligeuza jambo: yeye ndiye abuni, mteja achague. Na ndani ya gauni akashona utepe mdogo wenye jina lake, kama mchoraji anavyotia sahihi kwenye picha. Tafadhali ukumbuke utepe huo. Tangu mwaka 1945 sheria ya Ufaransa inalilinda hata jina lenyewe la ushonaji huo. Nyumba isiyotimiza masharti hairuhusiwi kujiita hivyo.

Sasa litazame gauni lenyewe. Ule mshono wa kiuno uliopandishwa mpaka chini ya kifua, ambao dada zetu wanaupenda kwa sababu unaficha tumbo, ulitamba Paris baada ya Mapinduzi ya 1789. Watu wa mjini walitaka kufanana na masanamu ya Ugiriki na Roma. Josephine, mke wa Napoleon, alikuwa mmoja wa walioupa sifa. Lakini kitambaa walichokipapatikia kilikuwa melimeli nyepesi iliyofumwa na mafundi wa Bengali, pande za Dhaka, na mabegani wakajitupia shali za Kashmir. Kwa hiyo umbo la Mgiriki, nguo ya Mhindi, jina la Mfaransa.

Karne moja baadaye, Mariano Fortuny, Mhispania aliyeishi Venice, akatoa gauni la hariri lenye mikunjo midogo midogo mfano wa sanamu moja ya kale iliyochimbwa Delphi, Ugiriki. Akalilinda kwa hataza mwaka 1909. Pembeni alilitundika shanga za kioo za Murano ili lidondoke vizuri mwilini. Paul Poiret naye, mwaka 1911, alifanya karamu Paris akaiita usiku wa elfu na mbili. Wageni walilazimika kuja wamevaa kama watu wa majumba ya Baghdad, na asiyevaa hivyo alivalishwa mlangoni. Sisi tuliokua na hadithi za Alfu Lela U Lela tungecheka sana usiku ule. Vilemba na suruali za kumwagika alizowauzia matajiri wake, bibi zetu wa Unguja walikuwa wamezivaa miaka mingi bila kupigiwa makofi na gazeti lolote.

Anayenigusa mimi hasa ni Madeleine Vionnet. Alianza kazi ya kushona akiwa mtoto, mtoto wa watu wa chini. Katika miaka ya 1920 aliufanya mkato wa mshazari kuwa mfalme wa magauni ya jioni. Kama hujui mshazari ni nini, chukua kanga sasa hivi. Ivute kwa kufuata nyuzi: haiendi popote. Ivute pembe kwa pembe: inanyooka, inalegea, inafuata mkono wako. Gauni lililokatwa hivyo halihitaji mifupa wala kamba ndani yake, maana mwili wenyewe ndio unalipa umbo. Na Vionnet pia aliitazama Ugiriki ya kale, ambako nguo ilikuwa pande la kitambaa lililofungwa mwilini bila kukatwakatwa sana. Pande la kitambaa lililofungwa mwilini! Mwulize bibi yako yeyote kama hilo ni geni kwake.

Christian Dior nampita haraka kwa sababu wote mnamjua. Tarehe 12 Februari 1947, Ulaya ikiwa bado inapanga foleni ya mkate baada ya vita, alileta sketi pana za kula yadi na yadi na viuno vya nyigu, akirudisha umbo la bibi zake wa karne ya 19. Wapo waliokasirika kwa uharibifu ule wa kitambaa. Mkia na kiuno cha mwali wetu wa Mpanda vina undugu na hapo.

Lakini je, huku kwetu nguo ilikuwa nini wakati Worth anafungua duka lake? Ilikuwa fedha. Msafara uliotoka pwani ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulibebwa na vichwa vya wapagazi, na mizigo mikubwa ilikuwa nguo, shanga na waya. Hongo ya mtemi ililipwa kwa nguo. Chakula kilinunuliwa kwa nguo. Nguo ilipimwa kwa mkono, na doti moja ilikuwa kama yadi 4. Jora lilikuwa gombo zima. Angalia lugha ilivyo na kumbukumbu: fedha ile imekufa, lakini ukienda sokoni leo kununua kanga unaomba doti, na muuza vitambaa bado anakufungulia jora.

Mwaka 1871, Mirambo alipokuwa amefunga njia kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora, Stanley alilazimika kuzungukia kusini. Akapita Ukonongo na Ukawendi, yaani nchi hii hii yetu ya Wakonongo na Wabende, akimtafuta Livingstone, na njia nzima alilipa kwa doti. Msichana wangu wa riwaya angeweza kusimama kando ya njia akauona msafara ule.

Angekuwa amevaa nini? Yawezekana nguo ya pamba iliyofumwa huku huku. Ufipa na bonde la Rukwa, na hata Unyamwezi, kulikuwa na wafumaji, na nguo yao ilikuwa nzito na ya kudumu. Hilo shuleni sikulisikia kabisa. Niliondoka nikiamini tulikuwa tunasubiri Mzungu atuletee uzi. Ufumaji ule ulikuja kuzidiwa na nguo za viwandani, ukafifia mpaka ukafa.

Au angekuwa amevaa merikani. Hiyo ilikuwa nguo nene isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Marekani na Sayyid Said walikuwa wametiliana mkataba wa biashara tangu mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilipokausha pamba, nguo za Uingereza na Bombay ziliingia kuchukua nafasi, na hatimaye Bombay ikashinda. Jina halikubadilika, wateja waliendelea kudai merikani hata ilipofumwa na Mhindi.

Na wateja hao hawakuwa watu wa kupokea chochote. Kila nchi ilikuwa na nguo yake inayopendwa na rangi yake ya ushanga, na fasheni iligeuka. Mfanyabiashara aliyebeba kisichotakiwa aliona cha moto: mzigo uligeuka takataka, na wapagazi wakalala njaa. Habari za ladha hizo zilisafiri kutoka bara mpaka pwani, kutoka pwani mpaka viwandani ng'ambo, na mwenye kiwanda akarekebisha mashine. Ndugu zangu, hebu tulitafakari hilo kidogo. Bibi wa Ukonongo aliyekunja uso akasema "hii siitaki" alikuwa anamwamuru tajiri wa Bombay.

Kama kuna mtu mmoja aliyevaa pande zote mbili za historia hii, ni Salme. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sayyid Said na mama Mcherkesi. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Wakaoana Aden mwaka uliofuata, wakaenda Hamburg, naye akawa Emily. Nyumbani alikuwa amezoea kanzu, suruali na barakoa. Hamburg alivaa gauni la enzi ile, la sketi iliyotanuka kwa tenga la nyaya za chuma ndani yake. Matenga hayo yaliingia sokoni miaka ya 1850. Zipo picha zake za mavazi ya Kizungu, na zipo alizopigwa studio huko huko Ujerumani akiwa amevaa nguo za kwao Unguja. Mumewe alikufa mwaka 1870 akamwacha na watoto watatu, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Wengi husoma kitabu kile kwa ajili ya mapenzi na kutoroka. Mimi nakisoma kwa ajili ya nguo. Mtu aliyepoteza nchi hueleza mavazi ya nyumbani kwa uangalifu wa mtu anayehesabu akiba yake ya mwisho.

Wakati Salme yuko Ujerumani, huku nyuma pwani ilikuwa inavumbua vazi lake kubwa. Wanawake waliunga leso za rangi zilizoletwa na biashara, wakapata kanga. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, likapata sifa kwa kanga zenye maandishi. Nitaupita ubishi wa nani alitangulia. Ninalolishika ni hili: mtumwa wa kike alikuwa mtu wa kaniki na merikani, nguo za kazi. Baada ya amri ya kukomesha utumwa Unguja mwaka 1897, wanawake wale waliitupa kaniki wakakimbilia rangi. Kununua doti ya kanga kulikuwa kutangaza kwamba mimi sasa si mali ya mtu. Paris haijawahi kubuni gauni lenye uzito huo.

Sasa rukeni nami mpaka Uhuru, maana hapa ubishi wa meza ya wazee ndipo ulipochemka kweli. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969, Dar es Salaam ni marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe kufika, wasichana walikuwa wameshafukuzwa na kuvuliwa nguo mitaani, Kariakoo na kwenye vituo vya mabasi. Magazeti yalijaa barua. Wapo waliouliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa sawasawa: kama sketi fupi ni ya kizungu, gauni refu la heshima lililokuja na misheni ni la nani? Huku kwetu misheni si hadithi ya mbali. Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na pamoja na sala iliingia sindano, kola na mkono mrefu. Mwaka ule ule wa 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilifunguliwa Dar es Salaam. Siasa ilitaka tujivike wenyewe, na kwa muda tulijivika.

Halafu likaja kaa. Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, foleni, maduka matupu. Wazazi wetu wanasimulia watu kugawana doti moja ya kanga na wengine kuvaa magunia. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mitumba ikamiminika. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kufikia mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, migodi ile ikiwa imekwishafungwa, sasa ikawa inaleta mabelo.

Na ndani ya mabelo yale, amini usiamini, kulikuwa na shule. Mafundi wetu hawakwenda chuo cha Paris. Walinunua gauni la sherehe la mtumba, la msichana wa Marekani aliyelivaa usiku mmoja akalitupa, wakalifumua uzi kwa uzi mezani. Fundi mmoja hapa Magamba alinieleza kwamba gauni husema ukweli likigeuzwa ndani nje. Nje ni uongo mtupu wa satini. Ndani ndiko kuliko na bitana, mifupa ya plastiki ya kifua, mshono wa pili unaoshika ule wa kwanza, na pale kiunoni utagundua kitambaa kimelazwa mshazari. Alichora kwa chaki juu ya gazeti, akakata, akashona la kwake. Vionnet wala hamjui kwa jina, lakini kaijua kazi ya mkono wake. Mimi sioni tofauti kubwa na mwandishi chipukizi anayeifumua hadithi ya Shaaban Robert aone imeshonwaje.

Neno lenyewe "vazi la jioni" lilitukaa mdomoni zaidi kwa sababu ya mashindano ya urembo. Yalifanyika mwaka 1967, yakapigwa marufuku, yakarudi mwaka 1994. Ukumbi mmoja, mavazi tofauti, na lile la jioni ndilo lililowatoa majaji mate. Nancy Sumari alipotwaa taji la urembo la Afrika katika Miss World mwaka 2005, na Flaviana Matata alipofika kumi bora ya Miss Universe mwaka 2007 na kipara chake, wasichana wa mikoani waliviona vioo vya nyumbani vikiongea lugha mpya.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonikera. Mwaka 1967 Yves Saint Laurent, aliyeirithi nyumba ya Dior akiwa na miaka 21 kabla ya kufungua yake, alionyesha Paris magauni ya mtindo wa Afrika, ya ukili na shanga za mbao. Januari 1997, John Galliano alionyesha mavazi yake ya kwanza kabisa ya haute couture kwa jina la Dior, nyumba ikitimiza miaka 50. Wanamitindo walitokea wamevaa kola pana za shanga na vifua vilivyofumwa kwa shanga, juu ya magauni ya hariri. Mtu yeyote wa Arusha au Monduli angesema bila kusita: hizo ni kola za Kimasai. Ulimwengu ulisimama ukapiga makofi. Machi mwaka ule Nicole Kidman akavaa gauni la mkusanyo huo huo kwenye Oscar, hilo lenye nakshi za Kichina, na likaingia historia.

Mtaniambia Mmasai naye alizitoa wapi shanga za kioo? Kweli kabisa. Zilitoka Venice na Bohemia, zikapitia Unguja, zikapanda na misafara ile ile ya doti na merikani. Shanga za Murano zilizoning'inia kwenye gauni la Fortuny na zile zilizokuwa shingoni mwa bibi wa Kimasai ni ndugu wa tanuru moja. Bibi akazipanga upya. Rangi ipi ikae na ipi, ya mwanamke aliyeolewa iweje na ya binti iweje, sarufi nzima ilitungwa hapa. Kwa hiyo kukopa si kosa langu kwa Galliano. Kila mtu katika habari hii amekopa. Josephine kakopa, Poiret kakopa, sisi tumekopa. Kitenge tunachokiita cha Kiafrika, na ambacho siku hizi ndicho gauni la sendofu la wazazi, kina babu Mholanzi, kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846 na kuiga batiki za Java kwa mashine. Kukopa ndiyo kazi yenyewe.

Kinachonikera ni utepe ule wa Worth. Galliano akikopa kola kutoka Monduli anaitwa mbunifu, na jina linaloshonwa ndani ni la Dior. Fundi wa Magamba akikopa mkia wa gauni kutoka kwa Dior anaitwa mwigaji, na mwali anaambiwa kavaa kizungu. Mama aliyetunga mpangilio wa shanga hana jina kwenye karatasi yoyote ya onyesho lile. Mfumaji wa melimeli ya Dhaka hana jina. Mfumaji wa Ufipa hana jina, na sasa hata nguo yake hatuna ya kushika mkononi.

Nilimwuliza yule fundi kwa nini naye asishone utepe wake. Alicheka. Alisema wateja wanaukata, wanataka waseme gauni limetoka Dar. Kisha akanionyesha mahali anapoficha alama yake: ndani ya pindo la mkia, nyuma ya bitana, msalaba mdogo wa uzi mwekundu ambao hakuna mtu atakayeuona mpaka siku gauni litakapofumuliwa.